Nyama ya Mbegha, Maharage ya Vuga

Mwindaji na wakulima: karne ya 18

Ufalme wa Vuga ulianzia kwenye nyama. Kama wazee wa Usambara wanavyosimulia, na kama Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy alivyoandika katika Habari za Wakilindi, Mbegha alikuwa mwindaji wa Ungulu aliyezaliwa kigego: meno yake ya juu yaliota kabla ya yale ya chini. Ndugu zake wakaishika sababu hiyo na kumnyima urithi. Akahamia Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa huko. Siku kijana huyo alipouawa katika windo la nguruwe, Mbegha hakungoja kuulizwa. Alichukua mbwa wake na silaha zake, akapita Zirai, akapanda milima ya Usambara.

Wenyeji waliuona moshi wa moto wake, wakaenda kutazama ni nani. Walimkuta ana nyama, tena ya nguruwe wale wale waliokuwa wakiwamalizia mashamba. Akawapa wakala, nao wakamletea vyakula vya shamba. Mwanahistoria Steven Feierman, ambaye kitabu chake juu ya ufalme wa Wasambaa kilitoka mwaka 1974, aliyatilia mkazo sana mabadilishano haya: mgeni anatoa nyama, wenyeji wanatoa wanga, na katika kupeana huko mgeni anakuwa mwamuzi wa kesi zao, kisha mkwe wao, mwisho mtawala wao. Huko Vuga akaua simba, na sifa ya Simba Mwene ikabaki kwa wafalme waliomfuata.

Hadithi hii husomwa kama habari ya siasa, na ni haki. Mimi naisoma pia kama habari ya jikoni. Usambara ya wakati ule ilikuwa nchi ya migomba. Gramu 100 za ndizi zina protini ya gramu moja na kitu tu. Mtu mzima wa kilo 60 huhitaji kama gramu 48 kwa siku, kwa hiyo kwa ndizi peke yake angelazimika kumaliza kilo 4 kila siku ya Mungu. Kulikuwa na kunde, kuku na mbuzi, lakini kunde zina msimu wake, na mbuzi hachinjwi kila jioni. Mtu aliyeshuka kutoka msituni na paja la nguruwe begani alikuwa ameleta kile ambacho shamba lilikuwa linakitoa kwa uchache.

Paja lile likishaliwa, haliendi kuwa msuli moja kwa moja. Tindikali ya tumbo hulilegeza, vimeng'enya hulikatakata, na utumbo mwembamba hupitisha damuni vipande vidogo viitwavyo asidi za amino. Ziko aina 20. Kumi na moja kati ya hizo mwili wa mtu mzima unaweza kujitengenezea; tisa lazima ziliwe. Ndani ya kila seli, nakala ya maagizo ya urithi hupelekwa kwenye vijikarakana viitwavyo ribosomu, na huko asidi hizo hushikanishwa moja baada ya nyingine kwa mpangilio usiobadilika. Ikipungua moja katika zile tisa, kazi hurudi nyuma hata kama nyingine zimejaa tele. Nyama ya mwindaji ilikuwa nazo zote tisa.

Mfalme anayetaka nguvu: 1815–1862

Vizazi vichache baadaye, ufalme ulikuwa umefika kilele chake chini ya Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala tangu mwaka 1815 au karibu na hapo hadi 1862. Msitu haukuwa tena chanzo cha nyama ya mfalme. Mifugo ilipanda Vuga kama kodi, kama faini za mashauri na kama mali ya nyumba ya kifalme, kisha sehemu yake ikashuka tena kwa wake, wana waliotawala wilaya, wazee wa baraza na wageni. Mbegha alikuwa amegawa nyama aliyoiwinda. Kimweri aligawa nyama aliyoletewa. Mtawala alibaki kuwa mtu ambaye kwake nyama hutoka, na mkulima wa bondeni akiipata siku za tambiko na sherehe alishukuru.

Mwezi wa Februari 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walipanda hadi Vuga wakitokea Pangani. Burton alimwona Kimweri kitandani: mzee aliyekonda kwa maradhi, kinywani hana meno. Mfalme aliposikia kwamba mgeni ni mganga, hakuzungumza sana habari za biashara wala za mpaka. Alitaka dawa ya kumrudishia afya, nguvu na ujana. Burton hakuwa nayo.

Hata leo haipo. Kuanzia makamo, mwili hupunguza misuli kidogo kidogo, na baada ya miaka 60 mwendo huongezeka. Msuli wa mzee hauitikii chakula kama wa kijana: kiasi kile kile cha protini kinachoamsha ujenzi kwa mtu wa miaka 25 huamsha kidogo kwa mtu wa miaka 70. Ongeza ugonjwa, unaovunja protini kwa kasi, na kulala kitandani, kunakouambia msuli kwamba hauna kazi. Ongeza meno yaliyong'oka. Mfalme mwenye zizi lililojaa anaweza kufa njaa ya protini akiwa katikati ya ng'ombe wake.

Kuna jambo moja katika maelezo ya Burton linalonivutia kuliko ombi lile la dawa. Kimweri aliwapelekea wageni wake ng'ombe, kikapu cha sima ya mahindi, na ndizi zilizomenywa na kupondwa pamoja na maziwa ya mgando. Wapagazi walimshambulia ng'ombe mpaka wakavimbiwa. Lakini chakula cha kumfaa mzee asiye na meno kilikuwa ni kile cha mwisho, laini, chenye asidi zote tisa, na kilikuwa kikitoka katika majiko ya nyumba yake mwenyewe.

Vita, sotoka na njaa: 1862–1900

Kimweri alipofariki, nchi ilipasuka. Mwanawe Semboja, mtawala wa Mazinde kule chini kwenye njia ya misafara, alikuwa na bunduki na marafiki wa biashara. Vuga ilikuwa na heshima ya zamani. Semboja alishinda na mji ukachomwa moto. Miaka iliyofuata Wasambaa waliiita pato, wakati wa kunyang'anyana, ambapo watu waliuzwa na wakulima walilima wakitazama nyuma.

Ni katika miaka hiyo hiyo, mbali kabisa na huku, ambapo swali la msuli hupata wapi nguvu yake lilipata jibu la kwanza la maana. Wataalamu wa Ulaya walikuwa wameipa protini jina lake mwaka 1838, na mkemia mkubwa wa Ujerumani, Justus von Liebig, alikuwa akifundisha kwamba msuli unapofanya kazi hujichoma wenyewe. Kwa hiyo mfanyakazi wa sulubu lazima ale nyama. Mwaka 1865 wanasayansi Adolf Fick na Johannes Wislicenus wakaamua kulipima jambo hilo kwa miguu yao. Waliacha kula protini, wakajishindia maandazi ya wanga yaliyokaangwa kwa mafuta na chai ya sukari, wakapanda mlima Faulhorn huko Uswisi, na njia nzima wakakusanya mkojo wao. Naitrojeni iliyomo kwenye mkojo huonyesha protini iliyovunjwa. Walipopiga hesabu, protini ile haikutosha hata kidogo kueleza kazi ya kuinua miili yao mpaka kileleni. Kilichowapandisha kilikuwa ni wanga na mafuta.

Mpagazi yeyote aliyepanda kutoka Mombo mpaka Vuga na mzigo kichwani alikuwa akilithibitisha hilo kila wiki, kwa ndizi za kuchoma, bila kupima mkojo. Nguvu ya kupanda inatoka kwenye wanga. Kazi ya protini huja baadaye, usiku, mpagazi akiwa amelala na nyuzi za mapaja zilizochanika kidogo zinashonwa upya.

Kisha yakaja yale ambayo hakuna hesabu ya chakula inayoyastahimili. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilifagia ng'ombe wa Afrika Mashariki. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuitwaa nchi. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mtawala wa Vuga wa Wakilindi, ukoo wa Mbegha. Karne ikaisha kwa ukame na njaa katika eneo zima la kaskazini mashariki.

Mafuta yana akiba mwilini, sukari ina akiba ndogo kwenye ini na misuli. Protini haina akiba. Hakuna mahali inapowekwa kungoja siku mbaya. Njaa ikizidi, mwili huvunja misuli yake yenyewe ili ini lipate cha kutengenezea sukari ya ubongo, na ili moyo, damu na kinga viendelee. Huanza na mapaja na mabega, na mwisho hugusa hata misuli ya kupumulia. Hapo ndipo mtu wa njaa anapokufa kwa kikohozi ambacho mwaka wa neema kingepita bila kulazwa. Historia ya njaa huandikwa kwa idadi ya waliokufa. Waliopona nao walibaki na deni ambalo msimu mmoja wa mavuno haukuweza kulilipa, kwa sababu msuli uliovunjwa kwa wiki hujengwa upya kwa miezi.

Ugonjwa wenye jina la Kiga: 1930–1974

Wajerumani walipoondoka, chini ya Waingereza idadi ya watu milimani iliongezeka na ardhi haikuongezeka. Sehemu nzuri zilikuwa msitu wa serikali au mashamba ya walowezi. Ndizi zikarudi nyuma, mahindi na mihogo vikasonga mbele. Muhogo ni mkombozi wa njaa, hakuna atakayeubeza, lakini kwa protini ni maskini kama ndizi. Tangu mwaka 1946, kuanzia Mlalo, serikali ilijaribu kuokoa udongo kwa kulazimisha matuta. Wakulima waliyachukia, wakayageuza kuwa shauri la siasa, na kabla ya uhuru mpango ukafa.

Huko Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, daktari Cicely Williams alikuwa ameeleza mwaka 1933 ugonjwa wa watoto walioachishwa ziwa wakapewa uji wa mahindi mtupu: miguu kuvimba, ngozi kubanduka, nywele kugeuka rangi. Mwaka 1935 aliutaja kwa jina lake la lugha ya Kiga, kwashiorkor, ambalo kwetu limekuwa kwashakoo. Wataalamu huuita unyafuzi. Afrika Mashariki kitovu cha utafiti kilikuwa hospitali ya Mulago, Kampala, alikofanya kazi Hugh Trowell. Yeye na wenzake J. N. P. Davies na Rex Dean walitoa kitabu kizima juu yake mwaka 1954. Mtoto wa kwashakoo hudanganya macho. Anaonekana mnene kwa sababu ya maji, na chini ya uvimbe huo mikono ni mifupa.

Wakati huo huo maabara ilikuwa imefumbua jambo la ajabu zaidi. Rudolf Schoenheimer, mkimbizi kutoka Ujerumani aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliwalisha panya asidi za amino zilizowekwa alama ya naitrojeni nzito, kisha akaitafuta alama hiyo mwilini mwao. Aliikuta kila mahali, hata kwa panya wazima ambao hawakuwa wakikua. Mwili uliodhaniwa kuwa umekamilika ulikuwa kama nyumba ya udongo inayokandikwa upya kila siku huku wenyewe wakiishi ndani. Mtu mzima huvunja na kujenga karibu gramu 300 za protini kwa siku, mara kadhaa ya kile anachokula. Sehemu kubwa ya asidi huokotwa na kutumika tena, na kile kinachopotea lazima kirudishwe na chakula. Ndiyo maana kula vizuri Jumapili hakumtoshi mtu mpaka Ijumaa.

Kwa miongo miwili mashirika ya kimataifa yalihubiri kwamba dunia ya maskini inakufa kwa pengo la protini, yakatengeneza unga wa samaki na wa soya. Donald McLaren, daktari aliyewahi kufanya utafiti Mwanza, aliuita mpango huo mzima aibu kubwa katika makala yake ya 1974. Hoja yake ilikuwa kwamba watoto wengi walikosa chakula kwa jumla, na mwili wenye njaa ya wanga huichoma protini yoyote unayopewa kama kuni. Alikuwa mkali, ila alisema kweli: ujenzi hauanzi wakati mwili hauna hata nishati ya siku hiyo. Tanzania ilikuwa imeanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe mwaka mmoja kabla, 1973, na kazi yake ikaegemea zaidi chakula cha kaya kuliko makopo.

Sufuria ya makande

Wakati wataalamu wakibishana, jibu la Usambara lilikuwa jikoni linachemka. Mahindi na maharage vyote viwili vilitoka bara la Amerika, vikavuka bahari enzi za Wareno, vikapanda milima polepole. Mahindi yana upungufu wa lisini, moja ya zile asidi tisa. Maharage yana lisini ya kumwaga, ila yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo ya kutosha. Changanya katika sufuria moja na mapengo yanazibana. Mpishi wa kwanza wa makande hakujua neno hata moja kati ya hayo.

Maharage makavu yana protini kama gramu 21 katika kila gramu 100, zaidi ya mara mbili ya mahindi. Yanaitoa wapi katika udongo uliochoka? Hewani. Ng'oa mche wa maharage kwenye mteremko wa Vuga utaona mizizini vinundu vidogo. Kipasue kimoja kwa kucha, ndani ni chekundu kama damu iliyochujwa. Humo bakteria hukamata naitrojeni ya hewa na kuupa mmea. Protini ni naitrojeni kwa asilimia 16 hivi, kwa hiyo sehemu ya bega la mkulima ilikuwa upepo miezi michache iliyopita.

Bei yake ni kuni. Maharage mabichi au yaliyochemshwa nusu yana sumu inayochafua tumbo, na yaliyokaa ghalani muda mrefu huwa magumu, huchukua masaa matatu bila kulainika. Akina mama huyaloweka usiku, wengine hutia magadi. Kuni zikipungua, au msitu ukifungwa, kinachoachwa kwanza ni maharage. Ugali na mboga za majani hupikika kwa robo saa. Sijaona mpango wa lishe uliolipa suala la kuni uzito linalostahili. Wagunduzi wa mbegu wamefanya sehemu yao: Lyamungu 85 na Lyamungu 90, zilizotoka kituo cha utafiti cha Kilimanjaro, ziliwafikia wakulima wa kaskazini. Mkulima akichagua mbegu huuliza mambo mawili, bei sokoni na muda wa kuiva jikoni.

Maziwa yanashuka Tanga: 1981 hadi leo

Mwaka 1981 ulianza Lushoto mradi wa SECAP wa kuzuia mmomonyoko, kwa ushirikiano na Wajerumani. Safari hii badala ya matuta ya amri, wakulima walipewa miche na majani ya Guatemala ya kupanda kwa mstari kukata mteremko, na ng'ombe wakafungwa zizini. Majani yaliyoshika udongo yakawa malisho, na samadi ikarudi shambani. Ng'ombe wa maziwa wakaongezeka, na katika miaka ya 1990 vyama vya wafugaji wa mkoa vilipata mnunuzi wa uhakika, kiwanda cha Tanga Fresh.

Maziwa yana utajiri wa lusini, asidi ambayo wanasayansi wa zama hizi wamegundua ina kazi mbili: ni tofali, na pia ni ishara. Ikipanda damuni baada ya mlo, seli ya msuli husoma kwamba vifaa vimefika na kuanza kujenga. Ishara ya pili ni mzigo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba baada ya mazoezi mazito ya mara moja, ujenzi wa protini kwenye msuli hubaki juu hata masaa 48. Pembeni mwa kila uzi wa msuli zimelala seli ndogo, zilizoonekana kwa mara ya kwanza mwaka 1961, ambazo huamka panapochanika, huongezeka na kuziba.

Vijana wa mjini sasa hununua unga wa protini wa kopo kwa pesa ambayo ingewalisha maharage mwezi mzima. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2018 ulikuta kwamba hata kwa wanaonyanyua vyuma, faida ya kuongeza protini huishia karibu na gramu 1.6 kwa siku kwa kila kilo ya uzito. Zinazozidi hapo huchomwa au hutolewa kwa mkojo. Binti wa Vuga anayepanda na ndoo ya maji kichwani ana mzigo wa kutosha. Kama kuna kinachomkosesha msuli, kitakuwa kwenye sahani.

Na sahani bado inagawanywa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Milimani maziwa ya alfajiri hubebwa kwenye madumu hadi kituo cha kukusanyia, yakapimwa, yakashuka Tanga. Fedha inarudi, inanunua sare za shule, sabuni, unga wa sembe. Lita moja ina protini ya gramu 33 hivi. Mtoto wa miaka miwili mwenye kilo 12 anahitaji kama gramu 13 kwa siku, yaani chini ya nusu lita, na kama dumu limeshaondoka, kikombe cha maharage yaliyopondwa vizuri na uji wake.